Mtego Ndani ya Ikisiri

Ikisiri ni kitu kidogo. Ni aya moja tu, inayokaa kwenye nusu ya karatasi, ambayo mtafiti huwaandikia wenye kongamano kuwaambia: nimefanya hivi, nimeona hivi, niiteni nije niwaeleze. Lakini usidharau udogo. Pilipili nayo ni ndogo, na waliolizwa nayo ni wengi.

Mwaka huo, katika maabara moja ya ghorofani nyuma ya karakana ya chuo, ikisiri ziliwanyima watu raha. Kongamano la nishati ya hidrojeni lilikuwa limefungua dirisha la kuzipokea. Mkuu wa maabara alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Walimwita Mkasi, kwa jinsi alivyokuwa akikata maneno ya watu kwenye maandishi yao, lakini usoni walimwita Daktari. Aliwakusanya akasema:

"Nafasi ya kubaki hapa mwakani ni moja. Atakayeitwa kuzungumza jukwaani, ni yake. Asipoitwa mtu, tutafunga milango twende tukalime."

Watu wakacheka. Macho hakucheka.

Macho ni jina alilopewa na shangazi yake tangu utotoni, maana alikuwa akilala kope nusu wazi, kama mtu anayechungulia ndotoni kuona nani anaiba nini. Shangazi huyo, fundi cherehani, ndiye aliyemlea tangu kaka yake, baba yake Macho, alipofariki, na ndiye aliyemsomesha kwa sketi na mashati ya watu. Mkataba wa Macho pale maabara ulikuwa unakwisha na mwaka. Nafasi ile moja akiikosa, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Na mtu wa kumshinda alikuwa mmoja tu: jirani yake wa meza, Kobe.

Kobe alikuwa kijana mrefu, mtaratibu wa kusema na wa kwenda, aliyependa kuinua kola ya koti lake jeupe na kuzamisha shingo ndani. Ukimuuliza jambo asubuhi, pengine alikujibu baada ya chakula cha mchana. Kazi zao zilikuwa kama mtu na mdogo wake. Ukipitisha umeme ndani ya maji, maji huachana: upande huu hutoka hidrojeni, upande huu oksijeni. Hidrojeni huwashwa kama mafuta, na moshi wake ni mvuke mtupu. Macho alitengeneza bamba la madini linalopitisha ule umeme, bamba la bei nafuu. Kobe alitengeneza utando mwembamba wa kukaa katikati, uzizuie gesi hizo mbili zisirudiane, maana zikichanganyika, cheche moja tu huondoka na paa. Kila mmoja alikuwa na chombo chake cha kioo, ila kila alipotengeneza bamba jipya Macho alimkatia Kobe kipande akitumie.

Maabara ile ilikuwa na desturi yake. Hidrojeni haina rangi wala harufu. Inaweza kukuvujia puani usijue. Kwa hiyo kila asubuhi mabomba hupakwa povu la sabuni, na palipo na tundu povu hutoa malengelenge. Lakini hakuna aliyepaka povu kwenye mabomba yake mwenyewe. Jirani ndiye hukupakia, nawe humpakia yeye, kwa sababu aliyekaza nati kwa mkono wake huona kila nati imekaza. Na kama ilivyokuwa kwa mabomba, ndivyo ilivyokuwa kwa maandishi. Kabla ikisiri haijafika kwa Mkasi, jirani huisoma kwanza. "Hakuna ajikaguaye," Mkasi alikuwa akisema, na neno hilo pale lilikuwa sheria.

Basi siku moja Macho alirudi kutoka stoo akamkuta Kobe mezani kwake. Ndoo ya povu ilikuwa sakafuni, sawa. Lakini mkononi Kobe hakuwa na brashi. Alikuwa na kalamu na kijikaratasi, na shingo yake, ile isiyotoka kwenye kola, ilikuwa imetoka yote kuelekea kwenye mita ya gesi ya Macho.

"Povu huandikwa siku hizi?" Macho aliuliza.

Kobe alikunja kijikaratasi akakitia mfukoni. "Nilikuwa naangalia tu, dada."

"Unaangalia kwa kalamu?"

Kobe alifikiri. Kisha akachukua ndoo yake akaenda zake, na jibu hakulitoa, si kabla ya mchana wala baada yake.

Kuanzia hapo Macho hakulala, si kwa kope nusu wala kwa kope nzima. Alikumbuka mambo ambayo mwanzoni hakuyapa uzito. Mbona Kobe alikuwa akiuliza kila mara, "Leo bamba limetoa kiasi gani?" Yeye alikuwa akimjibu kwa mkato, "Limeamka vizuri," kama mtu anayeulizwa hali ya mgonjwa na mbea. Mbona kiti chake alikuwa akikikuta kimegeuzwa? Mbona Kobe, mtu wa kuchelewa, siku hizi alifika wa kwanza? Ukishaanza kumtilia mtu shaka, hata kupiga chafya kwake huwa ni ishara anampa mwenziwe.

Alichukua kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye gauni la mteja wa shangazi, cha maua mekundu, akaifunika mita yake. Mwenzao mmoja aliyepita akauliza kama mita imeposwa. Macho akamwambia aipishe, ina haya.

Nyumbani alimkuta Shangazi chumba cha mbele, mguu kwenye cherehani, pini mdomoni. Shangazi alikuwa na kipaji cha kuzungumza na pini mdomoni bila kuimeza hata moja, na kipaji cha pili cha kuona wizi ulipo na usipo.

"Ananakili namba zangu, shangazi. Nimemfuma."

"Yule mnayemwita Kobe?"

"Huyohuyo."

"Sasa ulitarajia nini, mwanangu? Ukiona kobe kainama, ujue anatunga sheria." Alitoa pini moja akaichomeka kwenye kola ya shati. "Anayepayuka humwogopi, maana yake yote yako nje. Huyo asiyesema, yake ameyahifadhi wapi?"

"Pengine ana sababu."

"Ana sababu, ndiyo. Hata mwizi ana sababu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, usinifundishe." Akasimamisha cherehani. "Unamkumbuka yule binti niliyekuwa nikimpa vipimo vya wateja akate vitambaa? Nilimshuku anampelekea fundi wa mtaa wa pili mitindo yangu. Nilifanyaje? Nilimpa kipimo cha uongo. Mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Nikakaa. Baada ya wiki, nani anapita barabarani na gauni la mkono mmoja mrefu?"

"Nani?"

"Nani kama si mteja wa yule fundi." Shangazi alicheka mpaka pini zikatikisika. "Tena alikuwa anajiona kapendeza. Basi na wewe mpe kipimo cha uongo. Kikitokea kwenye kazi yake, umemshika mkono ndani ya chungu."

Macho alicheka kidogo, akaenda kuosha vyombo. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa maji ya sabuni.

Bamba lake jipya, alilolifunga chomboni baada ya kuifunika mita, lilikuwa likifanya kazi vizuri. Kwa kila sehemu mia za umeme lilizopewa, themanini na mbili zilitoka kama gesi. Namba nzuri, ya kuitwa nayo jukwaani. Akaandika ikisiri yake yote kwa ukweli, mstari kwa mstari. Kisha akaandika nyingine iliyofanana nayo kama pacha, ila mahali pa themanini na mbili aliweka tisini na moja. Ya kweli akaifungia. Ya uongo akampelekea Kobe, mkono kwa mkono, kama desturi ilivyotaka.

"Jirani, nisomee," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utamu.

Kobe aliipokea kwa mikono miwili. Alikaa akaisoma. Akaisoma tena. Macho, akijifanya anafuta kioo, alimtazama kupitia kile kioo. Aliona kidole cha Kobe kikifika mahali pa namba na kusimama hapo. Hakikuendelea.

*Haya*, Macho aliwaza. *Meza.*

Ikisiri ilirudi siku ya pili. Kobe alikuwa amesahihisha mkato mmoja uliokosea njia, na pembeni, kwa herufi ndogo kama za mtu anayeogopa kusikika, aliandika: *Hongera sana, dada.* Macho aliliangalia lile neno kama mtu anayeangalia zawadi isiyo na jina la aliyeituma. Hongera ya nini? Mtu mnayegombea naye nafasi moja anakupa hongera kwa sababu gani, kama si kukufunga macho?

"Na yako je?" aliuliza. "Nami nikusomee."

"Bado, dada. Naiangalia."

"Dirisha linafungwa mwisho wa wiki."

"Najua."

Baada ya hapo Kobe alibadilika. Alisogeza kabati likawa ukuta kati ya meza yake na ya Macho. Nyuma ya kabati mashine yake ilikuwa ikinguruma tangu wengine hawajafika. Alikuwa akifungua chombo chake na kukifunga, akifungua na kukifunga. Chai hakunywa na wenziwe. Siku moja Macho alipeleka brashi na ndoo kumkagulia mabomba kama kawaida, akakuta Kobe amekwisha kuyapaka povu mwenyewe.

"Umejikagua?" Macho aliuliza.

"Nilitaka kuhakikisha."

"Umevunja sheria."

"Ndiyo," alisema Kobe, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nimeyapaka mara nyingi. Hayavuji, dada. Si mabomba."

Macho aliondoka na ndoo yake. Kumbe anaficha kitu kikubwa mpaka povu hataki lifike. Usiku alimsimulia Shangazi, na Shangazi akasema neno moja tu: "Amemeza." Akaendelea kushona.

Siku zikapita. Macho aliipeleka kwa Mkasi ikisiri yake, ile ya kweli, ya themanini na mbili. Mkasi alivaa miwani akakata "kwa hakika kabisa" akaacha "kwa hakika", kisha akakata na hiyo "kwa hakika".

"Jirani ameisoma?"

"Ameisoma, Daktari."

Haukuwa uongo, na ukweli haukuwa. Mkasi alibonyeza, kompyuta ikatoa mlio, na ikisiri ya Macho ikaenda.

"Kobe yuko wapi?" Mkasi aliuliza. "Yake sijaiona hata harufu."

"Sijui, Daktari. Siku hizi ni msiri."

Alilisema akijua anatia kitone cha sumu kwenye kikombe, na alikiona kikitumbukia. Mkasi alivua miwani.

Siku ya mwisho ikafika. Dirisha la kongamano lingefungwa jua likizama. Tangu asubuhi Macho hakufanya kazi ya maana. Alikuwa akizungukazunguka kama mama mwenye mgeni, sikio nyuma ya kabati. Adhuhuri ilipopita alishindwa kuvumilia.

"Kobe. Ikisiri yako nikusomee, muda umekwisha."

Sauti ikatoka nyuma ya kabati, ya chini sana. "Sina cha kukupa, dada."

"Huna, au hutaki niione?"

Akasikia viatu vikielekea chumba cha nyuma, kile chenye sinki kubwa na mapipa ya taka za maabara. *Ana nakala huko*, Macho aliwaza. *Ataituma kwa simu, mimi nisijue mpaka liwe limekwisha.* Akavua viatu vyake vya kisigino, akamfuata kwa soksi.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kobe alikuwa amesimama mbele ya pipa, mkononi ana mkasi wa kukatia karatasi. Alikuwa akikata utando wake. Zile tando nyembamba nyeupe alizozipika mwaka mzima, moja baada ya moja, alikuwa akizikata vipande vidogovidogo kama mtu anayewakatia kuku sukuma wiki, na kuviacha vidondoke. Hakuwa na simu. Hakuwa na karatasi.

"Unafanya nini?" Macho aliuliza.

Kobe hakushtuka. Ilionekana kama hana tena nguvu ya kushtuka. "Zinavuja."

"Nani kakwambia?"

"Wewe." Alisema bila lawama, kama anayemwambia mtu ni saa ngapi. "Namba yako. Kifaa cha kuonja gesi kipo kwa fundi, sina njia nyingine ya kujua utando umepitisha kiasi gani. Nachukua gesi ambayo bamba lako linatoa, naondoa ambayo mimi nimekusanya. Inayobaki ndiyo iliyovuja. Mimi nakusanya themanini. Nilidhani bamba linatoa themanini na kitu, kama lile la zamani. Nikasema, utando wangu ni mzuri. Halafu nikasoma ikisiri yako." Akakata kipande kingine. "Tisini na moja. Basi kumi na moja zinapita. Chombo kama hicho si chombo, dada, ni bomu. Nimepima tena na tena, nimepaka povu mabomba yote, nikitumaini ni bomba. Si bomba."

Macho aliingia ndani.

Alikuwa amekaa wiki nzima akimfikiria Kobe kama mwizi, kwa kila upande, kutoka juu na kutoka chini. Hata mara moja hakumfikiria kama msomaji. Hakupata kuwaza kwamba mtu akipewa karatasi na jirani yake anaweza kufanya jambo la ajabu kuliko kuiba, akaiamini.

"Kile kijikaratasi," alisema kwa tabu. "Siku ile ya kalamu."

"Nilikuuliza mara ngapi bamba limetoa kiasi gani? Ukanijibu limeamka vizuri. Vizuri siwezi kuitia kwenye hesabu." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. "Ilikuwa vibaya kunakili bila ruhusa. Halafu ukafunika mita na kitambaa, nikajua umeudhika."

Macho alitoka akasimama kwenye korido, akampigia Shangazi. Alimweleza upesi. Upande wa pili cherehani ilinyamaza.

"Kwa hiyo hatumi?" Shangazi aliuliza.

"Hatumi. Anazikata."

"Basi si umeshinda?"

"Shangazi."

"Mimi nauliza tu. Hukumwibia. Hukumkatia wewe. Amekata mwenyewe kwa mkono wake." Kisha sauti ya Shangazi ikaja tofauti, ya mtu asiye na pini mdomoni. "Macho. Yule binti wa vipimo. Alikuwa akivipeleka kweli kwa yule fundi. Ningemkuta havipeleki, sijui ningemwambia nini. Mimi sijui la kukushauri hapo, mwanangu. Usinipigie tena."

Macho alitazama dirisha la korido. Jua lilikuwa limeanza kuelekea mapaa. Alijua hesabu ile vizuri kuliko mtu yeyote. Themanini kutoka themanini na mbili, utando wa Kobe ulivujisha mbili tu. Utando wa bei nafuu unaovujisha mbili tu ni kitu ambacho watu wangejaa ukumbini kukisikia. Bamba lake lilikuwa zuri. Utando wa Kobe ulikuwa mzuri zaidi. Akinyamaza, nafasi ni yake. Akisema, ameitoa kwa mdomo wake mwenyewe, na jina lake jema pia.

Akanyamaza. Na ieleweke kwamba hakunyamaza kidogo. Alisimama pale korido mpaka mfagiaji akampita na kurudi na kumpita tena, akimwomba anyanyue mguu. Kilichomwondoa si wema. Ni ile sauti ya mkasi, krich, krich, iliyokuwa ikija kupitia mlangoni, na kujua kwamba kila krich ni kazi ya mwezi.

Alirudi akaushika mkono wa Kobe wenye mkasi.

"Acha. Ni themanini na mbili."

"Nini?"

"Bamba. Ni themanini na mbili. Tisini na moja ilikuwa mtego. Nilidhani unaniibia. Nilikuwekea namba ya uongo nione kama utaitumia."

Kobe alimtazama. Shingo ikatoka polepole kwenye kola, yote, na kwa mara ya kwanza Macho aliona jinsi alivyokuwa mrefu.

"Ulinipa unisomee," alisema.

"Ndiyo."

"Mkononi."

"Ndiyo, Kobe. Samahani. Bado kuna muda. Andika themanini na mbili, tuitume."

Kobe aliweka mkasi kwenye ukingo wa sinki. "Na hiyo nitajuaje?"

"Hiyo ipi?"

"Themanini na mbili. Nitajuaje kama siyo mtego wa pili? Leo unataka niandike haraka, jua linazama, sina muda wa kupima. Nikituma uongo kwenye kongamano, nani atakaa hapa mwakani?" Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Sikuamini, dada."

Macho alifungua mdomo aape, akaona kwamba kiapo chake hakingenunua hata kiberiti. Yeye mwenyewe, angekuwa Kobe, asingejiamini.

"Njoo upime," alisema. "Mimi sigusi."

Wakaenda. Kobe aliondoa kitambaa cha maua mekundu akakiweka kando kwa ncha ya vidole. Alikagua waya. Alikagua maji. Aliipeleka mita kwenye meza nyingine, akaijaribu kwanza kwa chupa ya gesi yenye kipimo kinachojulikana, isije ikawa imechezewa. Macho alikaa kwenye stuli, mikono mapajani, kama mtu anayepekuliwa mpakani. Alitaka kumwambia afanye haraka, akajizuia. Haraka ingekuwa ushahidi dhidi yake.

Bamba lilianza kutoa vijipovu. Mkasi alipita mlangoni, akaona mmoja anapima na mwingine ameketi kama mshtakiwa, akasimama.

"Kuna nini humu?"

Kobe alimgeukia Macho. Lilikuwa swali la Macho kujibu, na wote wawili walijua.

"Nilimpa jirani ikisiri ya uongo, Daktari," Macho alisema. "Ya kweli nikakuletea wewe. Kwa ajili hiyo ameharibu kazi yake. Sasa anapima kuona kama sasa nasema kweli."

Mkasi alimtazama kwa muda. Kama kuna siku alikuwa na maneno ya kukata, ni hiyo, na hakukata hata moja. "Endelea kupima," alimwambia Kobe. Akaketi, akangoja pamoja nao.

Mita ilipanda, ikapanda, ikatulia. Kobe aliinama akaisoma, akasubiri, akaisoma tena. Alipiga hesabu juu ya karatasi safi, akaipiga tena kuanzia chini kwenda juu.

"Themanini na mbili," alisema. "Kasoro kidogo."

Hakusema asante, na hakuna aliyeitegemea. Alivuta kompyuta akaandika. Yeye aliyekuwa akiulizwa asubuhi akajibu mchana, safari hiyo aliandika kama mtu anayekimbia mvua. Alipofika mahali pa majina alisimama.

"Bamba ni lako. Jina lako lazima liwepo, la pili."

Wazo la kwanza lililomjia Macho lilikuwa: *kwa nini ananiuliza mbele ya Daktari, ana shabaha gani?* Aliliona wazo hilo likipita, akalitambua kama mtu anavyomtambua jamaa asiyemtaka nyumbani.

"Liweke la pili," alisema. "Au usiliweke."

"Sheria inataka liwepo," Kobe alisema, akaliandika. "Siliweki kwa mapenzi."

Mkasi aliisoma mara moja, akabonyeza. Nje taa za barabarani zilikuwa zikianza kuwaka.

Majibu ya kongamano yalikuja baada ya mvua. Kobe aliitwa kuzungumza jukwaani, ukumbi mkubwa. Macho aliambiwa alete bango, lisimame kwenye korido pamoja na mengine, mtu akipita na kikombe chake alisome akitaka. Mkasi alimwita ofisini akamwambia nafasi ya mwakani ni ya Kobe, na kwamba angempa barua ya kulisifu bamba lake.

"Bamba tu, Daktari?"

"Bamba tu," Mkasi alisema. "Ndilo lililopimwa mbele yangu."

Shangazi aliposikia hakutoa methali. Alimsogezea stuli karibu na cherehani, akampa shati la mtu afumue mshono.

Miezi iliyobaki Macho aliifanya kazi yake yote. Asubuhi Kobe alikuja na ndoo akampakia mabomba povu, vizuri, kila kiungo, bila kuruka hata kimoja, naye akampakia ya kwake. Waliongea ya kazi. Siku moja Kobe alimuuliza bamba limetoa kiasi gani, na Macho akamtajia, mpaka nukta ya mwisho. Kobe akaitikia kwa kichwa, akasogea mbele ya mita, akaisoma mwenyewe.